Presha Isiyosikia Dawa

Nicodemo Scalise alikuwa na miaka sitini na saba alipofiwa na mkewe, na tangu wiki ile hakuweka tena sigara mdomoni. Annunziata ndiye aliyemwomba, akiwa kitandani, sauti imeshamwishia, siku mbili kabla ya kukata roho.

"Nico, hayo masigara yako. Mimi nikiondoka, nani atakufungulia dirisha?"

Akaapa. Alikuwa amevuta miaka hamsini, mtu wa kuwasha ya pili kwa moto wa ile ya kwanza, na Serrabruna nzima ilicheka iliposikia kiapo hicho. Yaani wale waliokuwa wamebaki wa kucheka. Kijiji hicho cha juu mlimani, ambacho ukisimama kanisani unaiona bahari ya Ionia imetandazwa chini kama bati, wakati wa baridi kilikuwa na watu arobaini na kidogo. Wengine walishuka pwani, wengine walikwenda zao Torino na Ujerumani. Kichochoro cha Nicodemo kilikuwa na nyumba kumi na moja. Zilizotoa moshi ni mbili.

Kilichomsaidia kutimiza ahadi ni mzizi. Miaka thelathini na minane alikuwa mchimbaji wa urukususu, ule mzizi mtamu unaojiotea kama magugu kwenye bonde, kando ya mito. Kuanzia Novemba mpaka Machi wanaume walishuka na majembe, wakachimba, wakafunga mizigo, na mizizi ikaenda kiwandani kuchemshwa hadi ikatoka peremende nyeusi tii. Mchimbaji yeyote alifanya kazi na kipande cha mzizi kati ya meno, kwa hiyo kwa Nicodemo halikuwa jambo geni. Kila Jumapili alikata vijiti vya urefu wa kidole, akavijaza katika mfuko wa kushoto wa koti, palepale sigara zilipokuwa zikikaa. Cha kwanza alikitia mdomoni kabla ya kahawa. Cha mwisho alikitoa wakati wa kulala. Mate yalikuwa matamu kutwa, mikono ilikuwa na la kufanya, na hamu ya moshi ikarudi nyuma, ingawa haikuisha. Kila akitafuna alijiambia, ona, Nunziata, nimeweza.

Basi presha ikaanza.

Ilikuwa mwaka wa pili wa ujane wake. Kichwa kikawa kinamgonga kisogoni asubuhi, na jioni soksi zikamwachia mitaro kwenye vifundo vya miguu. Daktari wa kijiji, mzee aliyepanda mlimani Jumanne na Ijumaa tu, alimfunga mkono, akapima, akasonya: mia na themanini kwa mia moja. Akampa kidonge. Mwezi uliofuata ilikuwa mia na themanini na tano. Akaongeza cha pili.

"Na chumvi, Nicodemo. Chumvi acha kabisa."

Aliacha. Aliliweka juu ya kabati kopo la dagaa waliosagwa kwa pilipili, akampa jirani zeituni na soseji zake, akawa anachemsha mboga na viazi, anakula akiangalia ukuta. Chakula cha mtu mmoja tayari hakina ladha. Kikikosa na chumvi kinakuwa kazi. Presha ilishuka kidogo, halafu ikapanda pale pale ilipokuwa. Daktari akaongeza kidonge cha tatu, cha kukojosha, ili maji ya ziada yatoke mwilini.

Majira ya vuli ya mwaka wa tatu alipimwa tena, akakutwa na mia na tisini na tano. Daktari alivua miwani.

"Mzee, dawa hizi zingeshusha presha ya farasi. Hebu niambie kweli. Unazimeza, au unawapa kuku?"

Mlango ulikuwa wazi. Watu watatu waliokuwa wakisubiri nje wakaangua kicheko. Nicodemo alivaa koti lake, akashika njia ya nyumbani masikio yanawaka. Mtu aliyekuwa ameshika neno lake miaka mitatu, sasa anaitwa mwongo kwa sababu ya vidonge.

Jumapili hiyo bintiye Mirella alipiga simu kutoka Torino, kama kawaida yake, baada ya chakula cha mchana.

"Baba, daktari kanipigia. Anasema hunywi dawa."

"Nakunywa."

"Baba."

"Nakunywa, Mirella! Unataka niape na kwako?"

"Sasa mbona haishuki? Unajifanyia makusudi? Mama alikufa, ndiyo, lakini mimi bado nipo."

Kwamba angeweza kujiua pole pole kwa makusudi ni wazo ambalo halikuwahi kumpitia kichwani, na sasa mwanawe alikuwa amemwekea mezani kama sahani. Akasema kuna mtu mlangoni. Hapakuwa na mtu mlangoni.

Baada ya hapo aliacha kwenda baa. Huko alikuwako Vastiano, jirani yake wa ule moshi wa pili, mjane kama yeye, mtu mwenye mdomo usio na breki, ambaye alishaanza kumwita "mzee wa kuku". Nicodemo hakuwa na hamu. Akawa anashinda na redio. Zikapita siku nne, tano, asiseme neno na mtu yeyote ila "asante" kwa dereva wa gari la mkate, na hata hilo alipowahi kutoka kabla mkate haujatundikwa kwenye kitasa na gari kuondoka.

Mwezi wa Desemba mapaja yalianza kumsaliti. Alipanda ngazi za kanisani akasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu. Vidole vya mikono vilikakamaa alipokamua kitambaa. Usiku alijikunja kwa maumivu ya misuli, na mkojo ulimwamsha mara tano. Hakumwambia mtu. Amwambie nani, na nani angemwamini?

Tarehe kumi na moja Januari, saa mbili asubuhi, alishuka kwenye bustani yake nyuma ya nyumba kukata kabichi. Aliinama, akakata, akataka kuinuka. Miguu haikuitika. Haikuuma, haikutetemeka, ilikuwa tu haipo, kama ya mtu mwingine. Akaenda chini taratibu, upande upande, mpaka shavu likagusa udongo wa baridi. Akajaribu kujisukuma kwa mikono. Mikono nayo ikalegea.

"Oi!" aliita. "Oi, jamani!"

Madirisha yaliyotazama bustani yalikuwa ya nyumba ya akina Perrone, waliokwenda Stuttgart, na ya bibi Assunta, aliyekufa. Yote yamefungwa kwa mbao. Aliita tena na tena, sauti ikaenda ukutani ikarudi. Jambo lililomshangaza baadaye, alipolikumbuka, ni kwamba hakuogopa kufa. Aliona haya. Aliona haya kulala chini mchana kweupe na kabichi mkononi.

Saa nne alisikia gari la mkate likipanda. Akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, akaita jina la dereva. Wakati huohuo dereva akapiga honi mara mbili, kama kila siku. Nicodemo alisikia mlango wa gari, hatua, mfuko ukikwaruza kitasa cha mlango wa mbele, kisha mlango wa gari tena. Kisha injini ikididimia kuelekea chini. Hapo ndipo alipolia.

Ilikuwa saa nane mchana aliposikia sauti ya Vastiano upande wa barabara.

"Nicodemo! We mzee wa kuku! Mkate wako unaliwa na paka huku, na wewe umekaa ndani unanuna!" Akasukuma mlango. "Nico? Mlango wako mbona wazi?"

Vastiano alipitia ndani ya nyumba mpaka bustanini. Alipomwona alisimama, uso umemwiva, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa mzaha. Alivua koti akamfunika.

"Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na mimi nimepita hapa saa tano nikaona mkate, nikasema, mwache anune." Akachuchumaa, akamshika kichwa. "Mjinga mimi. Mjinga kabisa."

Gari la wagonjwa lilimshusha hospitali ya pwani. Presha ilikuwa mia mbili na kumi. Lakini kilichowafanya manesi wakimbie ni potasiamu, madini yanayoipa misuli nguvu ya kujikunja na moyo mwendo wake: yake ilikuwa imepungua hadi karibu nusu ya kiwango cha mtu mzima wa afya. Wakamtundikia chupa, wakambandika nyaya kifuani, wakamkataza hata kukaa. Na katika mkojo wake wakakuta protini, dalili kwamba figo zimeanza kuvuja.

Daktari wa wodi aliitwa Ersilia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye nywele fupi na tabia ya kuvuta kiti akakaa kabla ya kusema. Nicodemo hakukumbuka mara ya mwisho mtu kukaa ili aongee naye.

"Mzee, nieleze kuhusu dawa."

"Nameza zote. Lakini wewe nawe hutaniamini."

"Nakuamini. Damu yako inaonyesha umezimeza. Kile cha kukojosha ndicho kilichokumalizia potasiamu mpaka ukaanguka. Ila hakikuanza chenyewe. Kuna kitu kilikuwa kinaimwaga kabla yake, na kitu hichohicho ndicho kinachopandisha presha. Nakitafuta."

Nicodemo aligeuza uso ukutani ili asione machozi yake. Nakuamini. Neno dogo namna hiyo.

Siku iliyofuata Ersilia alimchorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Akachora figo mbili kama maharage, na juu ya kila moja tezi ndogo kama kofia.

"Watu wanadhani figo ni chujio tu la mkojo. Figo pia inapima damu. Ikihisi damu inayoifikia ni kidogo, inatoa homoni yake, kama mtu anayepiga kelele kwamba maji yamepungua. Kelele hizo zinabana mishipa, na zinafika kwenye hii kofia. Kofia nayo inatoa homoni nyingine inayoiambia figo: shika chumvi, usiiachie, mwaga potasiamu. Chumvi inavuta maji, mishipa inajaa, presha inapanda. Ni mpango mzuri kwa mtu aliyevuja damu. Kwa mtu ambaye hajavuja ni balaa."

"Na mimi sijavuja."

"Hujavuja. Kwa hiyo nilidhani kofia yako moja ina uvimbe unaotoa homoni bila kuombwa. Tumekupiga picha, tezi zako ni safi. Tumepima damu, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa: homoni ya figo iko chini, na ya kofia nayo iko chini kabisa. Hakuna anayetoa amri, lakini figo zako zinatii. Zinashika chumvi kwa nguvu zote." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Unakula nini, mzee? Dawa za kienyeji? Majani? Chai za kupunguza unene?"

"Kabichi," alisema Nicodemo. "Viazi. Bila chumvi."

Hakudanganya. Mzizi kwake haukuwa chakula wala dawa. Mtu akiulizwa anakula nini hatasema anavuta pumzi.

Siku ya nne Vastiano alishuka kumwona, amenyoa ndevu, amevaa suti ya mazishi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama nyaya.

"Wanakulisha?"

"Bila chumvi."

"Basi hata ukinisimulia habari hapa hutii chumvi? Utakuwa umenichosha kweli." Akachungulia mlangoni, akatoa ndani ya koti fungu la vijiti lililofungwa kwa kamba. "Nimepitia ghalani kwako. Nikasema, huyu atakuwa amemaliza vya mfukoni, atarudia sigara halafu marehemu aje kunidai mimi."

Nicodemo alikuwa amemaliza vya mfukoni siku mbili zilizopita, na alikuwa na kiu navyo kama mtoto. Alikishika kijiti cha kwanza akakitia mdomoni, akafumba macho. Ersilia akaingia.

Akasimama mlangoni, akanusa.

"Hicho nini?"

Vastiano akasimama wima kama mwanafunzi. "Mzizi tu, daktari. Urukususu. Huku sisi tumekulia humo."

Ersilia alivuta kiti, akakaa taratibu sana.

"Mzee Nicodemo, unatafuna vingapi kwa siku?"

"Sijawahi kuhesabu. Toka asubuhi mpaka nilale."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokufa mke wangu. Nilimwahidi sitavuta."

Daktari alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa alikuwa karibu kucheka na karibu kulia.

"Mwilini mna homoni nyingine, ya kukuamsha asubuhi na kukukaza wakati wa hatari. Iko tele, inaizidi ile ya chumvi mara nyingi sana, na ikifika kwenye figo inaweza kufungua mlango uleule. Kwa hiyo figo imeweka mlinzi, kazi yake ni kuivunja isiingie. Utamu wa mzizi huu unamlaza mlinzi. Ukitafuna kimoja leo na kingine mwezi ujao, haidhuru. Wewe hujamwacha aamke miaka mitatu. Figo zako zimekuwa zikipokea amri ya kushika chumvi mchana na usiku, kutoka kwa homoni isiyohusika."

Vastiano alitazama fungu la vijiti kama mtu aliyeleta nyoka.

"Yaani ni huu?" alisema Nicodemo. "Siyo kuku?"

"Kuku gani?"

Vastiano alikohoa, akatazama dirishani.

"Lazima uache, mzee," alisema Ersilia. "Leo hii."

Nicodemo alikitoa kijiti mdomoni, akakiangalia. Kilikuwa kimetafunwa ncha, manjano, chenye nyuzi. Daktari hakujua alikuwa anaomba nini. Alikuwa anamwambia arudi nyumbani kule, kwenye nyumba ile, kinywa kitupu.

"Aliniambia nisivute," alisema mwishowe. "Hakusema nitafune. Hilo nililitafuta mwenyewe." Akampa Ersilia kijiti, na fungu lote.

Mlinzi alichukua karibu wiki tatu kuamka sawasawa. Potasiamu ilipanda, miguu ikarudi, vidonge vikapunguzwa kutoka vitatu hadi kimoja. Presha ikawa mia na arobaini, siku nyingine pungufu. Lakini Ersilia hakumficha upande wa pili. Figo zilikuwa zimepigwa na presha ile na kukosa potasiamu kwa muda mrefu mno. Zilibaki na nguvu kama nusu, na sehemu iliyokufa haitaota tena. Figo iliyochoka, alimweleza, inaweza yenyewe kupandisha presha, na presha inaichosha zaidi. Kwa hiyo kidonge kile kimoja ni cha maisha, na chumvi kidogo, na kupimwa kila baada ya miezi mitatu.

Nicodemo aliporudi nyumbani alimpigia Mirella simu, akiwa jikoni, akamweleza yote.

"Baba, kumbe ulikuwa unazimeza."

"Nilikwambia."

"Ulilala chini kwa saa sita, na mimi nimejua baada ya wiki."

"Ungefanya nini, mwanangu? Torino ni mbali."

"Njoo ukae na sisi."

"Nitakuja Pasaka," alisema, na wote wawili walijua maana yake ni hapana. Mirella alilia, akamwomba radhi. Nicodemo alimtuliza kwa maneno yaleyale aliyokuwa akimtuliza nayo alipokuwa mdogo, na kwa dakika ile simu ilikuwa na joto mkononi. Kisha ikakatika, jiko likawa jiko tu.

Mwezi wa kwanza nyumbani ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza wa ujane. Mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, ukakuta kitambaa. Mara mbili alifika mpaka mlango wa duka la tumbaku, mara mbili akageuza. Kutafuna kulikuwa kumemfunikia kitu fulani miaka ile mitatu, na sasa kimefunuka: alimkumbuka Annunziata upya, na si kama anavyokumbukwa marehemu. Alimkumbuka kama mtu aliyetoka kidogo na hajarudi. Akiwa anamenya kiazi alimwita. Akasikia sauti yake mwenyewe imeuliza, "Nunziata, kisu kikubwa kiko wapi?"

Alirudi baa. Vastiano alimtengea kiti, akachanganya karata.

"Sasa mdomo hauna kazi, utaongea. Mungu atusaidie."

"Gawa karata, nyamaza."

Walicheza karibu kila alasiri. Lakini saa kumi na mbili Vastiano alikwenda kwake, na Nicodemo kwake.

Aprili alishuka pwani kupimwa, na Julai tena. Alijigundua anazihesabu siku hizo. Alinyoa, alivaa shati la kola, alifika saa nzima kabla. Ersilia alimfunga mkono, akaandika, akamuuliza analala vipi, anakula nini, jana aliongea na nani. Aliuliza na jibu akalisubiri.

Julai, baada ya kuandika, hakufunga faili.

"Mzee, Septemba ninahamia Bologna. Mama yangu yuko huko peke yake."

"Vema," alisema Nicodemo. "Mama asikae peke yake." Alishusha mkono wa shati, akahangaika na kifungo. "Na huyo atakayekuja, anauliza maswali?"

"Nitamwandikia kila kitu. Figo, homoni, mzizi, vyote."

"Ndiyo. Andika." Kifungo kikaingia. "Wewe ndiye uliyeniamini kwanza, daktari. Hilo nalo waweza kuandika, sijui kama lina mahali pake kwenye faili."

Ersilia alisimama akambusu mashavu yote mawili, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

Nje, kwenye ua wa hospitali, jua lilikuwa kali na benchi moja tu lilikuwa kivulini. Hapo alikuwa amekaa mwanamke wa makamo mwenye bahasha ya vipimo magotini, mkono umefungwa pamba pale walipotoa damu. Nicodemo aliomba nafasi, akapewa.

"Presha?" mwanamke aliuliza, akiangalia bahasha ya Nicodemo.

"Presha na figo."

"Mimi nasubiri majibu. Wamesema mpaka saa tisa." Akatazama lango, kisha akamtazama yeye. "Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Na mimi."

Basi la kupanda Serrabruna lilikuwa la saa saba na nusu. Lingine lilikuwa la jioni. Nicodemo aliangalia saa yake, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Saa tisa siyo mbali," alisema.

Wakakaa.